Bizari Haingii Jichoni

Wanangu, mwalimu wenu amenitumia ujumbe mara tatu akiniomba niwaandikie machache kuhusu kuuguza watoto. Alitaka yawe ya kutia moyo. Nimejaribu. Nimeanza mara nne, na kila nikianza najikuta naandika ile hotuba ya kustaafu ambayo watu huisikiliza huku macho yao yako kwenye sambusa. Basi nimeacha. Nitawaandikia kama ninavyozungumza, na mkikuta mahali nimewagombeza, vumilieni. Nilistaafu mimi, ulimi wangu haukustaafu.

Jina langu Zubeda, ila Lamu nzima mimi ni Sista Zubeda, hata kwa anayeniuzia samaki. Nimezaliwa Faza, kisiwani Pate, nikasomea uuguzi Mombasa, nikaolewa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu mjini. Miaka yangu karibu yote ya kazi nimeimaliza kwenye wodi moja ya watoto. Nimewaona watoto wakiingia wamebebwa kama mzigo na kutoka wakikimbia, na nimewaona wengine wakitoka wamefunikwa uso. Yote mawili mtayaona. La pili hamtalizoea, na siku mtakapolizoea tafuteni kazi nyingine.

Aliyenifunza kazi ni Sista Veronika, mtu wa bara, mrefu, mwenye miguu mikubwa iliyosikika kabla yeye hajafika. Wiki yangu ya kwanza aliniambia nihesabu pumzi za mtoto mmoja wa miezi minane aliyekuwa na kikohozi. Mtoto alikuwa amevalishwa fulana, juu ya fulana sweta, juu ya sweta kanzu ya pamba, na wakati huo ni kaskazi, sisi wengine twatiririka jasho. Nikasimama na saa yangu, nikamtazama, nikahesabu nusu dakika, nikazidisha kwa mbili. Nikamwambia Sista Veronika, arobaini.

Akanitazama kutoka huko juu. "Zubeda, umehesabu pumzi ya mtoto ama ya shati?"

Akamfunua mwenyewe, taratibu, mtoto akiwa bado kwenye mapaja ya mamake. Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu palikuwa pakiingia ndani, panabonyea kama mtu anayetia kidole kwenye unga. Tukahesabu dakika nzima. Ilikuwa sitini na kitu. Mtoto alikuwa anapigania roho yake ndani ya nguo tatu, nami nimeandika arobaini kwa mwandiko mzuri.

Basi somo la kwanza ndilo hilo. Shati juu, mtoto ametulia, yuko kwa mamake, hali wala hanyonyi, dakika nzima kwa saa. Akilia, ngoja. Usihesabu nusu ukazidisha kwa sababu una wagonjwa wengine kumi. Mtoto mchanga hupumua mbio, kisha hunyamaza, kisha hupumua tena, na nusu dakika yako yaweza kuangukia pale aliponyamaza.

Kuna la mizani, na hili hunichekesha mpaka leo ingawa halikunichekesha siku ile. Mama mmoja wa Kizingitini alikuwa akija kliniki na binti yake mwembamba. Mwezi mmoja mtoto hakuongezeka hata kidogo, nami nikamfokea yule mama mbele ya kina mama wenzake, nikamuuliza kama nyumbani kwao kuna njaa au kuna uvivu. Mwezi uliofuata mtoto amepanda vizuri. Nikafurahi, nikampongeza kwa sauti, nikasema mnaona, akiambiwa mtu husikia. Halafu nikamvua mtoto nepi nimtazame ngozi, kikadondoka kitu sakafuni, ko! Chubwi. Lile pande la risasi ambalo wavuvi hufunga kwenye mshipi ili uzame.

"Bi, hiki nini?" nikamuuliza.

Mama yule akainamisha kichwa. "Sista, mwezi ule ulinitukana mbee za watu. Nimeona haya kuya tena na mwana mwepesi."

Wenzake wakacheka, mimi nikacheka, na yeye akalia. Nilipofika nyumbani ndipo nilipofikiri. Dozi ya dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito. Ningempa mtoto yule dawa ya mtoto na chubwi lake. Na aliyelitia chubwi kwenye nepi si yule mama, ni mimi na mdomo wangu. Mtu akishaaibishwa huficha, hata cha kumdhuru mwanawe. Mlikumbuke hilo la haya, kwa sababu nitalirudia huko mbele, na aliyeficha hatakuwa mama wa Kizingitini.

Nyinyi wa siku hizi mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Kile cha kubana kidoleni kinachosoma hewa kwenye damu, kwa mfano. Mwaka wangu wa mwisho kazini, siku mbili baada ya Idi, mwanafunzi mmoja wa bara, Brenda, alinijia mbio, uso umempauka. Kifaa kilikuwa kinasoma namba ya mtoto wa kuwekewa oksijeni saa hiyohiyo, kisha kinapoteza, kisha kinasoma nyingine mbaya zaidi. Nikaenda kumwona mgonjwa. Binti wa miaka sita, amekaa kitandani anakula kaimati, shira imemchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Vidole vyote kumi vimepakwa hina nyeusi, na kucha pia.

"Mwekee sikioni," nikamwambia.

Akaweka. Tisini na nane. Mtoto akamcheka Brenda, na mimi nikasema maneno ambayo nimeyasema mara nyingi maishani mwangu: "Hawa ni watu wangu, nawajua rangi zao." Wanafunzi wakacheka, kichwa kikanivimba kidogo. Usiku wake sikupata raha, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kujiambia kimoyomoyo ndani ya nyumba moja ya Mkomani, na yakamgharimu mtu.

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Nilikuwa nazunguka tu.

Jirani yangu wa Mkomani aliitwa Bi Time. Nilipoolewa pale nikitoka Faza, kuna waliokuwa wakinicheka matamshi yangu na kuniuliza kama kwetu twala kwa sahani. Bi Time hakuwa katika hao. Aliwasomesha wanangu watatu Kurani bila kunidai hata sabuni, na alinifunza kupika wali wa nazi usioshikana, jambo ambalo mamangu mzazi alishindwa nalo. Nilimpenda kama mama, naandika hivi ili mjue sikumkosea mtu nisiyemjua.

Binti yake, Salma, alirudi kwa mamake kujifungua mimba ya kwanza, kama desturi. Alizaa hospitali, mtoto wa kiume, mzima, akaruhusiwa siku ya pili. Wakamwita Twalib. Bi Time alifungua sanduku lake, lile la mbao lenye misumari ya shaba, akatoa nguo ndogo alizokuwa amewavisha wanawe wote, fulana na vikanzu vya kudariziwa kwa mkono. Zilikuwa zimehifadhiwa miaka yote kwa vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Nyumba nzima ikanuka vidonge na udi.

Mnajua nyumba zetu za mawe zilivyo, na asiyejua nimweleze. Katikati kuna kiwanda, uwanja mdogo usioezekwa, jua huingia humo moja kwa moja. Kisha kuna kumbi, na mwisho kabisa kuna chumba tunachokiita ndani. Hakina dirisha. Humo ndimo mzazi hukaa na mwanawe siku zake arobaini, amepakwa liwa, ule mti wa kunukia uliosagwa, na bizari ya manjano, anakandwa, anapikiwa, hatolewi wala mtoto hatolewi. Nami nimekaa humo mara tatu, na ni mapumziko matamu kuliko yote niliyowahi kupata.

Siku ya nne Bi Time alinikuta mlangoni natoka kazini, bado nimevaa sare.

"Zubeda, ndoo unitazamie mwana. Alala mno. Akitiwa ziwa avuta mara mbili, alala."

Nikaingia. Ndani kulikuwa na taa moja, balbu ndogo yenye mwanga wa rangi ya samli. Salma alikuwa amelala usingizi mzito, mwili mzima unang'aa bizari, mtoto ubavuni mwake. Bi Time akarudi jikoni kuniletea kahawa na halwa, maana kwake mgeni hakai mikono mitupu hata kama amekuja kutibu. Nikabaki peke yangu na mtoto.

Nilimtazama usoni. Alikuwa wa manjano.

Nisikilizeni vizuri. Sisemi sikuiona. Niliiona. Na palepale, kabla sijavuta pumzi ya pili, nikajijibu mwenyewe: ni bizari ya mamake, analala kifuani pake, imemshika. Hawa ni watu wangu, nawajua rangi zao. Ningekuwa Sista Veronika, mtu asiyejua bizari wala liwa, ningeshtuka, ningeuliza. Mimi nilijua mno, kwa hiyo sikuuliza. Kope zake zilikuwa zimepakwa wanja mbichi, nikasema nikimfunua jicho nitamchafua na kumwamsha. Nikamgusa utosi, haukuwa umebonyea. Nikamgusa tumbo, joto la kawaida. Bi Time akaingia na sinia.

"Mzima," nikamwambia. "Mtoto mpole. Mshukuru Mungu, wangu walikuwa wakipiga kelele mtaa mzima."

Bi Time akasema alhamdulillahi, nami nikala halwa. Nikala vipande vitatu. Nakumbuka mpaka leo ilikuwa na lozi.

Sasa niwaambie nilichopaswa kufanya. Kingechukua muda mfupi kuliko ile halwa. Ningelowesha pamba kwa maji ya sabuni nimpanguse shavu. Bizari hutoka, hata kama si yote, na pamba hubadilika rangi. Umanjano wa ini na damu hautoki. Ningembofya ncha ya pua kwa kidole na kuachia, nitazame rangi ya ngozi pale damu iliposogea kabla haijarudi. Ningemfungua mdomo nitazame ufizi. Ningemgeuza nyayo na viganja, kwa sababu manjano ikishafika kwenye nyayo huo si wakati wa kungoja kesho, ni wakati wa kukimbia. Na kubwa kuliko yote, ningemfungua jicho, wanja au si wanja. Bizari hupaka ngozi, nguo, shuka na mikono ya mkandaji. Bizari haingii jichoni. Weupe wa jicho ukiwa wa manjano, basi imetoka ndani ya mtoto.

Na yote hayo ningeyafanya penye mwanga wa mchana. Chini ya balbu ile kila mtu ni wa manjano, hata mimi. Ningembeba nimtoe kiwandani. Najua, mwana hatolewi. Lakini Bi Time alikuwa mtu wa kuelewa. Ningemwambia, Bi Time, nipe ruhusa dakika mbili tu, angenipa na kanga ya kumfunikia. Sikumuomba. Nilitaka kuonekana mtu wa nyumbani, nisiyevunja desturi za watu kama wauguzi wa bara.

Na neno "mpole", tafadhali, lifuteni kwenye vinywa vyenu. Mtoto wa siku nne asiyeamka kudai ziwa si mpole. Ni mgonjwa mpaka mhakikishe kwamba si mgonjwa. Afadhali mara mia yule anayepasua masikio ya majirani.

Siku ya sita Bi Time alikuja mwenyewe hospitali, mtoto mikononi, kanga imemponyoka kichwani na hana habari. Nilisikia kilio cha mtoto kabla sijamwona yeye. Kilikuwa kilio chembamba, cha juu, si cha njaa wala cha maumivu ya tumbo. Mkishakisikia mara moja hamtakisahau. Mtoto alikuwa amejipinda mgongo kama upinde, kichwa nyuma, ngumi zimefungwa. Rangi yake sasa hata kipofu angeijua. Nikamfungua jicho, wanja ukanipaka kidole, na weupe haukuwepo.

Enzi hizo sisi hatukuwa na zile taa za buluu za kuwawekea watoto wenye umanjano. Daktari wetu akaamua apelekwe Mombasa siku ileile, na akanituma mimi nimsindikize. Boti, kisha gari. Njia nzima nilimtilia mtoto mdomoni kwa kijiko maziwa aliyoyakamua mamake, aliyebaki nyumbani, tone kwa tone, na Bi Time akisoma dua bila kutoa sauti. Huko walimbadilisha damu, walitoa ile mbaya wakatia nyingine. Wakaokoa roho. Lakini manjano ilikuwa imeshafika kwenye ubongo, na ikifika huko huacha alama.

Daktari wa pale alikuwa kijana mpole wa maneno. Alitukalisha, mimi na Bi Time, akauliza habari yote. Akanigeukia mimi kwa kuwa nimevaa sare.

"Sista, kabla ya leo kuna mhudumu aliyemwona huyu mtoto?"

"Nilimwona mimi, juzi," nikasema.

"Na rangi yake?"

Bi Time alikuwa ubavuni mwangu, bega lake linanigusa. Nikasema, "Ilikuwa sawa."

Akaandika. Niliitazama ile kalamu ikiandika. Kisha akauliza kuhusu nguo, na zilipohifadhiwa. Bi Time akamweleza habari ya sanduku na vidonge, kwa fahari kidogo, akidhani anaulizwa juu ya usafi. Daktari akaeleza kwa upole kwamba baadhi ya watoto wa pwani yetu, hasa wa kiume, huzaliwa na damu isiyohimili vidonge vile. Hata harufu iliyobaki kwenye nguo yaweza kuivunja damu, na damu ikivunjika manjano hupanda. Na kwa kuwa juzi yake alikuwa na rangi nzuri, akasema, basi ilipanda kwa kasi sana.

Bi Time akauliza swali moja tu. "Ni nguo zangu?"

Daktari akasema si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Lakini yeye alikuwa ameshasikia alichosikia. Nami nilikuwa nimekaa palepale, nikaliacha lile "sawa" langu lisimame.

Nyinyi mnaosoma vitabu mtasema nguo ndizo zilizoanza. Ni kweli. Nguo zilipandisha manjano. Aliyeiacha ipande siku mbili zaidi, akiwa ameiona kwa macho yake, ni mimi. Siku ya nne bado ilikuwa ni ugonjwa wa kutibika. Na hata hilo, wanangu, ni kosa la kikazi. Kila muuguzi ana lake, nanyi mtapata lenu, msijidanganye. Linaloniuma zaidi ni lile neno "sawa".

Kwa sababu tazameni lilivyofanya kazi. Twalib alikua kiziwi. Mikono na shingo yake hupindapinda zenyewe, kikombe hakimfikii mdomoni bila kumwagika, na hawezi kuinua macho kutazama juu. Akili yake ni nzima, kali. Alipelekwa shule ya viziwi bara, akarudi anasoma na kuandika Kiswahili kizuri kuliko changu, na nikimwandikia ujumbe hunisahihisha herufi. Aliyemlea ni Bi Time. Yeye ndiye aliyemlisha kwa mkono mpaka ana miaka saba, akamfunza kusali kwa ishara walizotunga wenyewe wawili.

Lakini wajukuu wengine walipozaliwa, na walizaliwa wanane, Bi Time hakumshika hata mmoja ndani ya siku arobaini. Hakumvisha hata mmoja. Lile sanduku alilitoa sadaka, tupu, na nguo alizichoma. Alikuwa akisimama mlangoni mwa ndani, mikono ameificha kwenye buibui, akimtazama mtoto kwa mbali. Nilimuuliza mara moja, mbona hupokei mjukuu?

"Mikono hini si ya kushika wana, Zubeda. Wewe waiyua habari yake."

Nilikuwa naijua, naam. Kuliko yeye. Hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza ya kusema, nikasema maneno ya kipuuzi, kwamba ni majaliwa ya Mungu. Nikamtwisha Mungu la kwangu. Nafasi ya pili ilikuwa siku niliyostaafu. Alinipikia, akaniombea dua mbele ya watu, akasema huyu ndiye aliyempeleka mjukuu wangu Mombasa akiwa mfu akamrudisha hai. Nikaitikia amina. Ya tatu ilikuwa alipougua mwenyewe, nami nikimgeuza kitandani asipate vidonda. Nilikuwa na siku kumi na saba. Kila asubuhi nikijiambia leo, na kila asubuhi nikijiambia mgonjwa hasumbuliwi. Nilikuwa mama wa Kizingitini na chubwi lake, ila yule alilificha mwezi mmoja.

Bi Time alifariki Shaabani iliyopita. Nilimwosha mimi. Nilimwosha ile mikono.

Mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie, nikakaa na karatasi, nikaona siwezi kuwaambia nyinyi, watoto wa watu nisiowajua, jambo ambalo sijamwambia Salma. Basi nilikwenda, Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri. Salma alikuwa ndani, chumba kilekile, anakunja nguo za marehemu. Twalib alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Siku hizi wana balbu nyeupe.

Nikamwambia Salma yote, bila kukwepa. Kwamba niliiona manjano, nikadhani ni bizari yake yeye, na sikumfungua mtoto jicho. Kwamba daktari aliniuliza nikadanganya mbele ya mamake. Kwamba kama ningempeleka siku ile, huenda nguo zisingemdhuru hivi, na mamake asingeishi miaka yote ile akiiogopa mikono yake.

Salma alikuwa ameshika kanga ya mamake. Alimaliza kuikunja. Akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha.

"Si mimi wa kwambiwa, sista," akasema. "Wa kwambiwa yuko tini ya mtanga."

Huyo ni Salma, aliyekuwa akiniita mama Zubeda tangu hajavunja ungo. Siku ile nilikuwa sista.

Twalib alikuwa akitutazama midomo. Hakupata yote, ila alijua ni jambo lake. Akamgusa mamake, na Salma akamweleza kwa mikono, polepole, nami nikitazama ile mikono ikisema jina langu, kisha jicho, kisha mkono wa bibi yake. Ilichukua muda. Twalib hakubadilika uso. Akatoa simu yake, akaiweka kwenye goti ili isimtoroke, akaanza kuandika. Kidole chake hukosea herufi, hurudi, hufuta, huandika tena. Nilikaa nikingoja kama mshtakiwa. Nilidhani ataniuliza kama angesikia, na nilikuwa na jibu, la kweli, kwamba pengine angesikia.

Akanigeuzia simu. Ameandika maneno mawili: "Bibi alijua?"

Nikaichukua. Nikamwandikia: "Hapana. Alikufa akidhani ni yeye."

Akasoma. Shingo ikampinda upande, kama impindavyo akichoka, akajitahidi kuirudisha na haikurudi. Kisha akajifunika uso kwa mikono yake miwili, na hiyo mikono ambayo haitulii ikawa inampigapiga mashavu, akalia kwa sauti asiyoisikia mwenyewe. Salma akaenda akamshika.

Nikasimama. Nyumba zetu, mgeni husindikizwa mpaka mlango wa nje, hata awe amekuja kuomba chumvi. Bi Time alikuwa akinisindikiza kila mara, hata miguu ilipomvimba. Salma hakugeuka.

"Ndia waiyua," akasema.

Nikatoka peke yangu. Nikapita ukumbi wa kwanza, nikapita wa pili, nikaingia kiwandani, jua la mchana limejaa mpaka kwenye kuta. Nikasimama pale nikageuka kuutazama mlango wa ndani. Sikukusudia kuhesabu, ila ni mazoea ya kazi, miguu yenyewe ilikuwa imeshahesabu. Kutoka kitandani mpaka penye jua ni hatua tisa.